Naomba ushauri: kuthibitisha mshahara mkubwa katika ombi la EB-1A

Habari zenu, ndugu. Mimi ni mhandisi wa programu hapa Nairobi, ninaandaa ombi la EB-1A (ukaazi wa kudumu Marekani kwa wenye uwezo wa kipekee) kwa fomu I-140, na kati ya vigezo 10 ambavyo mwombaji hutakiwa kutimiza angalau 3, kinachonitatiza ni cha mshahara mkubwa. Mwongozo wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, unataka mshahara wa nje ya Marekani ulinganishwe na wa wenzako katika nchi hiyo, si kubadilishwa tu kuwa dola, jambo ambalo naliona la haki. Fomu za P9 (za mshahara na kodi ya mwaka) na barua ya mwajiri ninazo. Tatizo ni kwamba takwimu za KNBS (shirika la takwimu la Kenya) nilizozipata hupanga mishahara kwa sekta, wala hazitenganishi mhandisi mwandamizi na karani wa kampuni hiyohiyo. Je, waliofanikiwa walitumia ulinganisho gani, na hisa nilizopewa kazini nizithibitishe vipi?