Sai-fai ipi ya runinga ni mbovu kupita zote? Leteni ushahidi

Msimamizi, Buruburu

Ubishi huu unarudi kila mara, basi tuukabili kwa hoja. Tamthilia ipi ya sai-fai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi, ndiyo mbovu kupita zote zilizowahi kuonyeshwa kwenye runinga? Sharti ni moja: ukitaja jina, onyesha ubovu uko wapi na umetokana na nini. "Inaboo" peke yake haihesabiki.

Naanza na Galactica 1980. Battlestar Galactica ya 1978 ilikuwa ghali mno kwa wakati wake, na kituo cha ABC wakaikatiza baada ya msimu mmoja. Mashabiki walipolalamika ikarudishwa Januari 1980, safari hii kwa kubana matumizi: meli ya angani Galactica imefika Duniani katika zama zetu, kwa hivyo seti nyingi za angani hazihitajiki tena, unapiga picha barabarani California. Halafu ikapangwa Jumapili saa moja jioni, saa ambayo kanuni za utangazaji za Marekani ziliitengea vipindi vya watoto, habari na mambo ya umma. Waandishi wakalazimika kupenyeza masomo kwenye mazungumzo na kupunguza mapigano. Ndiyo maana mnawaona wapiganaji wawili wakilea kundi la watoto waliovaa sare za maskauti, na pikipiki zinazopaa. Wacylon, roboti maadui wao, wanaposhambulia Los Angeles, kumbe ni uigaji wa kompyuta tu, na majengo yanayoporomoka yametolewa kwenye filamu ya Earthquake ya 1974. Vipindi 10, ikafungwa. Kila udhaifu humo, ukiufuata hadi mwisho, unakufikisha kwa mhasibu.

Mwalimu wa Fizikia, Ngara

Msimamizi, hiyo yako ilishageuzwa kipindi cha watoto, na tuipime hivyo. Ubovu unaoniudhi mimi ni wa tamthilia inayovaa joho la sayansi ilhali msingi wake hausimami. Space: 1999 ya Uingereza, 1975 hadi 1977, vipindi 48. Mwanzo wake ni huu: tarehe 13 Septemba 1999 taka za nyuklia zilizohifadhiwa Mwezini zinalipuka, Mwezi unang'oka kwenye njia yake na kupotea angani ukiwa na watu 311.

Tupige hesabu. Tungamo la Mwezi ni kilo 7.35 × 10²². Unaizunguka Dunia kwa kasi ya kilomita 1.02 kwa sekunde, na ili uachane na Dunia lazima ufikishe 1.44. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa tungamo hilo inataka nishati ya jouli kama 3.8 × 10²⁸. Bomu kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la 1961 la megatani 50, lilitoa jouli 2.1 × 10¹⁷. Gawanyeni: yanahitajika mabomu kama hayo bilioni 180. Na hapo mmeiacha Dunia tu, bado mnalizunguka Jua. Kuliacha Jua kunataka nyongeza ya kilomita 12 hivi kwa sekunde, yaani jouli kama 5.6 × 10³⁰. Sasa, nishati inayotosha kuusambaratisha Mwezi mzima, kila jiwe likaenda zake, ni jouli 1.2 × 10²⁹. Mlipuko wa kuutoa kwenye mfumo wa Jua una nguvu zaidi ya mara 40 ya ule wa kuumaliza kabisa. Wale watu 311 hawana pa kusimama.

Tuje kwenye mwendo. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua iko umbali wa miaka-nuru 4.24. Ukitaka kufikia nyota mpya kila baada ya wiki mbili, ni lazima uende kasi ya mwanga mara 110. Mwezi unaokwenda hivyo unakaaje jirani na sayari siku kadhaa, vyombo vya Eagle vikishuka na kurudi, watu wakibishana kama wahamie huko au wabaki? Ama unakimbia, ama umesimama. Waandishi walitaka yote mawili kila wiki.

Fundi Kamera, South B

Mwalimu, hesabu zako sizipingi, ila umesoma nusu ya kesi. Msimu wa kwanza ulijaribu kujibu: katika kipindi cha Black Sun wanapita ndani ya nyota nyeusi na kutokea mbali kabisa. Waandishi walijua tatizo lipo. Kilichoizamisha ni msimu wa pili. Akaletwa Fred Freiberger, aliyetayarisha msimu wa tatu wa Star Trek, ili tamthilia iuzike zaidi Marekani. Profesa Bergman, aliyekuwa akiuliza maswali makubwa, akatoweka bila maelezo yoyote kwenye skrini. Nafasi yake ikajazwa na Maya anayejigeuza mnyama yeyote, na mazimwi ya mpira yakafuata.

Na picha zake tuziheshimu. Brian Johnson, fundi wa picha za madoido, alikuwa akipiga modeli ya Eagle, kubwa yao ikiwa na urefu wa inchi 44, mbele ya weusi mtupu, kisha filamu ile ile inarudishwa nyuma ndani ya kamera na kupigwa tena kwa nyota. Hakuna kunakili, kwa hivyo picha haipotezi ubora. Ukikosea kupanga nyota zinaonekana zikipita ndani ya chombo, na kazi yote inaanza upya kwa sababu picha ya kwanza na ya pili ziko kwenye ukanda mmoja. Watu wanaofanya kazi hivyo hawatengenezi kitu kibovu kupita vyote.

Mnataka ubovu unaoanzia kwenye kamera? The Starlost ya Kanada, 1973, vipindi 16. Wazo lilikuwa zuri ajabu: meli kubwa mno yenye kuba nyingi, kila kuba na jamii yake, vizazi vimepita hadi watu wamesahau kwamba wako safarini, na meli imepotea njia inaelekea kugonga nyota. Mpango ulikuwa kutumia mtambo wa Magicam. Kamera mbili zinaunganishwa zitembee pamoja: moja inamlenga mwigizaji mbele ya pazia la buluu, ya pili inatembea ndani ya modeli ndogo ya jengo. Tuseme modeli ni moja kwa ishirini. Kamera ya mwigizaji ikisogea mita moja, ya modeli inasogea sentimita 5 kamili. Ikiyumba milimita 2 tu, hizo ni sentimita 4 upande wa mwigizaji, na miguu yake inaonekana ikiteleza juu ya sakafu. Mtambo haukutulia kwa ratiba ya runinga, ukaachwa. Sasa meli ya kuvuka nyota ikabidi ijengwe kwa mbao ndani ya studio ya Toronto, tena ipigwe kwa kanda ya video inayoanika kila kona. Skripti zilikuwa zimeandikwa kwa upana ambao haupo tena. Harlan Ellison aliyeibuni aliondoa jina lake, akataka iandikwe Cordwainer Bird. Skripti yake ya kwanza, kabla haijachezewa, ilipata tuzo ya chama cha waandishi. Pima umbali kati ya karatasi na skrini, kisha uniambie kuna tamthilia iliyoanguka kutoka juu zaidi.

Mwalimu wa Fizikia, Ngara

Black Sun naikubali. Lakini safari moja kupitia nyota nyeusi haiwalipii safari nyingine zote.

Dada wa Kayole

Mnazungumza pesa na hesabu tu. Mimi naleta kipindi cha Code of Honor, Star Trek: The Next Generation, Oktoba 1987. Sayari nzima ya Ligon imejaa watu weusi waliovishwa vilemba na mavazi ya "Kiafrika" ya kubuniwa. Mtawala wao Lutan anamteka Tasha Yar, afisa wa kike wa meli, kwa sababu amempenda, na mambo yanaishia kwa wanawake wawili kupigana hadi kufa kwa silaha zenye sumu. Hii ni tamthilia iliyojinadi kwamba binadamu wa karne ya 24 wameshavuka ubaguzi.

Ubovu huo haukuanzia kwenye bajeti. Uamuzi wa kuwafanya wote kuwa watu weusi ulifanywa katika uteuzi wa waigizaji, na mwongozaji Russ Mayberry aliondolewa kabla kazi haijaisha, Les Landau akaimalizia. Waigizaji wenyewe, Jonathan Frakes akiwa mmoja wao, wamekilaani hadharani kuwa cha kibaguzi. Lakini kilirushwa. Na angalieni jambo ambalo wengi hawaliunganishi: Katharyn Powers, mmoja wa waandishi wawili wa skripti ile, miaka 10 baadaye aliandika Emancipation ya Stargate SG-1, 1997. Afisa wa kike anatekwa, chifu anamtaka, mwisho wanapigana kwa visu. Safari hii wageni ni wa sura ya Kimongolia. Kiunzi ni kile kile, wamebadilishiwa nguo tu. Fizikia mbovu haimdhuru mtu. Hii inamfundisha mtoto wa Kayole kwamba hata nyota za mbali zikifikiwa, yeye atabaki kuwa yule wa ngoma na mkuki.

Kaka Donholm

Dada, nakuunga mkono juu ya kipindi, sikuungi juu ya tamthilia. Ilidumu misimu 7. Kipindi kimoja hakiwezi kuihukumu yote, la sivyo Star Trek: Voyager tungeizika kwa sababu ya Threshold, Januari 1996. Humo rubani Tom Paris anafikia kasi ya Warp 10, ambayo kwa kanuni za Star Trek zenyewe ni kasi isiyo na kikomo: uko kila mahali kwa wakati mmoja. Mwili wake unabadilika, anamteka nahodha Janeway, wote wawili wanageuka viumbe mithili ya mijusi wa majini, wanazaa, na watoto wanaachwa kwenye sayari. Kilipata tuzo ya Emmy ya vipodozi, na kwa haki, maana ngozi inayobambuka ya Paris imetengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Shida yenyewe ni hii. Meli iko miaka-nuru kama 70,000 kutoka nyumbani, na hiyo ndiyo hadithi yote ya misimu 7. Sasa wana injini inayofika popote papo hapo, na daktari ameshaonyesha anaweza kumrudisha mtu katika hali yake. Basi wapande wote, wafike nyumbani, watibiwe. Hakuna anayelitamka wazo hilo, na injini haitajwi tena. Mwandishi wake Brannon Braga amekiri hadharani kwamba kipindi ni kibaya. Hiki ndicho kipimo changu: tamthilia isipofuata sheria iliyojitungia yenyewe, imekufa. Kwa kipimo hicho Inhumans ya 2017 haikuchukua hata saa moja. Nguvu zote za malkia Medusa ziko kwenye nywele zake, na wanamnyoa kipara mwanzoni kabisa. Vipindi 8, viwili vya kwanza vikapelekwa hadi kumbi za IMAX, na nguvu ya malkia imeachwa sakafuni.

Kabla sijasahau, kwa wanaotaka kuingiza Firefly humu kwa sababu "haieleweki": kituo cha Fox waliirusha ikiwa imepanguliwa. Walianza na The Train Job Septemba 2002, na Serenity iliyopaswa kuwa ya kwanza wakaionyesha Desemba. Ukijaziwa kwenye flashi ikiwa imepangwa kwa tarehe za kurushwa, anza na Serenity ndipo ufuate nyingine.

Mtafiti wa Visukuku, Rongai

Kwa kipimo cha Donholm, basi, niruhusuni niguse ile inayoogopwa. Mwisho wa Battlestar Galactica mpya, 2009. Watu 38,000 hivi wanafika kwenye sayari ya kijani, miaka 150,000 iliyopita, na baadaye tunaambiwa kwamba mtoto Hera aliishi mahali ambapo leo ni Tanzania na ndiye mama wa watu wote. Wanaamua kuzitupa meli zote Juani na kutawanyika wakiwa na nguo walizovaa na chakula kidogo.

Wenyeji waliowakuta wanaelezwa kuwa watu wasio na lugha bado, na Lee Adama, mmoja wa viongozi wa wageni, anasema basi watawapa. Shukeni barabara ya Magadi hadi Olorgesailie. Zaidi ya miaka 300,000 iliyopita, yaani mara mbili ya umri huo, watu wa pale walikuwa wakitengeneza zana ndogo za mawe kwa ustadi, wakipata obsidiani, kioo cha volkano, kutoka makumi ya kilomita, na wakitumia mawe ya rangi nyekundu. Mali haivuki masafa hayo bila watu kuelewana. Waliohitaji msaada ni hao wageni: hawajui mzizi upi unalika, mbung'o wanakaa wapi, maji yanapatikana wapi kiangazi.

La pili ni la damu. Mitokondria, visehemu vya seli vyenye DNA yake, hurithiwa kwa mama. Mama yake Hera ni Athena, Mcylon aliyetengenezwa. Kwa hiyo kila mtu aliye hai leo angekuwa na mitokondria ya Kicylon, isiyo na undugu wowote na viumbe wa Dunia. Lakini mitokondria yetu inaungana vizuri na ya Neanderthali, binadamu wa kale, kisha ya sokwe, tawi kwa tawi. Tamthilia ilichagua ushahidi huo wenyewe kuwa hitimisho lake, na ushahidi unaikana.

Shabiki wa Pangani

Mtafiti, juu ya Olorgesailie umesema kweli na inauma. Lakini kuiweka tamthilia hii meza moja na pikipiki zinazopaa si haki. Tazama kipindi cha 33: wanashambuliwa kila dakika 33, wanaruka na meli zao hadi mahali pengine tena na tena, hawajalala siku tano, na idadi ya walio hai, 50,298 mwanzoni, inaandikwa ubaoni na kufutwa. Kipindi kinachofuata matangi ya maji yanalipuliwa na kazi nzima ni kutafuta maji. Nani mwingine alihesabu maji, mafuta na roho za watu hivyo, msimu baada ya msimu? Kosa la dakika za mwisho ni kosa la dakika za mwisho.

Mtafiti wa Visukuku, Rongai

Na ndiyo maana nailaumu zaidi. Waliohesabu maji kwa tangi na watu mmoja mmoja, walipofika huku kwetu waliacha kuhesabu. Nionyesheni ni kipindi kipi kinachosema wangapi kati ya wale 38,000 walivuka mvua za kwanza.