Ulaya na mjukuu: siku 5 za ziada tupite wapi?

BibiTabata
Habari za jioni wanajamvi. Panapo majaliwa mwezi wa saba nasafiri na mjukuu wangu wa kike, miaka 9, yupo darasa la nne, tunaenda kwa mwanangu Rotterdam, Uholanzi, wiki tatu. Tiketi ni Dar–Amsterdam kwenda na kurudi. Sasa huyo mwanangu likizo yake ya kazini ni fupi, kwahiyo kuna kama siku tano tutabaki wawili tu na mimi sitaki kwenda mpaka Ulaya nikashinde naangalia ukuta wa watu. Mjukuu keshachukua daftari la hesabu, nyuma kachora ramani yake, Paris, London, Roma, Uswisi kwenye barafu halafu Amsterdam, kaunganisha na rula. Siku tano hizo! Nimecheka sana ila baadae nikajiuliza kwani haiwezekani? Magoti yananisumbua, ngazi nyingi siziwezi, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mliowahi kwenda na watoto nisaidieni, tuongeze vituo gani, na viza je, kila nchi na yake au?

Begi Moja
Shikamoo mama. Kwanza London ifute kwenye hilo daftari kabla mtoto hajaizoea. Uholanzi, Ufaransa, Ujerumani, Italia na hata Uswisi zote zipo ndani ya Schengen, viza moja inawatosha, lakini Uingereza haimo, itabidi muombe viza nyingine na mlipie upya. Na ubaya wake, kama viza yenu ya Schengen ni ya kuingia mara moja, mkishavuka kwenda London mmetoka, kurudi Rotterdam hamruhusiwi. Kuna jamaa yangu ilimkuta hiyo, akakata tiketi mpya ya ndege kurudia Dar huko huko na mizigo yake kaiacha kwa dada yake.

Maombi mnapeleka kwa nchi mtakayokaa siku nyingi, kwenu ni Uholanzi, ila hivyo vituo vya ziada viandike kwenye ratiba kabisa usifiche. Ada ni euro 90 mtu mzima na euro 45 mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Wanapokea kuanzia miezi 6 kabla ya safari, msisubiri dakika za mwisho.

Kingine watu wengi hukisahau: mtoto anasafiri bila wazazi wake, kwahiyo barua ya ridhaa ya baba NA mama, igongwe muhuri na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Nakala moja tembea nayo kwenye mkoba wa mkononi, uhamiaji wanaweza kukuuliza huyu mtoto ni wa nani.

kijana_wa_posta
Paris lazima bibi!! utarudije Tabata bila picha ya Eiffel, majirani watasema ulikuwa Chalinze 😂 Kutoka Rotterdam treni ya kasi ni chini ya masaa matatu, unafika mchana. Mnara una lifti usiogope, ila kata tiketi mapema mtandaoni mwezi wa saba foleni sio ya nchi hii. Makumbusho ya Louvre mtoto chini ya miaka 18 anaingia bure, jumanne wanafunga

Begi Moja
@kijana_wa_posta foleni, jua kali na mtoto wa miaka 9 anaelekea kulia, hapo Louvre umeshawahi kwenda na mtoto au unaongea tu?

kijana_wa_posta
naongea tu mkuu

MtuWaLindi
Shikamoo bibi. Mimi nitakwambia kitu kimoja tu, mpeleke huyo mtoto Berlin akamuone mjusi wetu.

Nina maana ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale. Wajerumani walichimba pale kwetu Lindi mwaka 1909 mpaka 1913, mifupa zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi halafu meli. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, jina lake hata shuleni sikuwahi kulisikia. Huyo mjusi amesimamishwa kwenye makumbusho yao ya viumbe asilia, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Nilienda na wanangu 2019. Yule mdogo alikuwa analalamika njia nzima kachoka, kufika mlangoni akanyamaza, akarudi kinyumenyume hatua kama tano hivi ili akione kichwa. Chini kwenye maelezo pameandikwa Tendaguru. Akaniuliza baba si kule kwa babu? Nikakosa la kusema, nikamwambia ndio. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira na furaha kwa pamoja, na bado sijui kipi kilizidi.

Jumatatu wamefunga, zingatia hilo. Kutoka Amsterdam kuna treni ya moja kwa moja kama masaa 6, ni ndefu lakini mnakaa tu mnaangalia ng'ombe. Laleni usiku tatu. Kurudi, kama magoti yamechoka pitieni mji wa Köln mlale hapo, kanisa lao kubwa lipo mlangoni mwa stesheni, ukitoka tu unaliona. Mnarani usipande, ngazi 533.

BibiTabata
Marahaba wanangu, asanteni sana. @MtuWaLindi umenikumbusha mbali, marehemu mume wangu alifundisha Lindi miaka ya 70 na habari za huyo mjusi alikuwa akizisimulia, mimi nikijua ni hadithi zake tu. Nimemwambia mjukuu, kaniuliza sasa kwanini hawamrudishi. Nikamwambia kamuulize mwalimu wako.

Basi Roma na Uswisi tumefuta, Paris kagoma kuifuta kaiwekea alama ya kuuliza. Na hizo siku za kawaida pale Rotterdam?

Begi Moja
Hapo hapo jirani mama, nendeni Kinderdijk, vinu vya upepo 19 vya zamani, kutoka Rotterdam mnapanda boti ya abiria, mtoto atafurahia boti kuliko vinu. Halafu The Hague kuna Madurodam, Uholanzi nzima imefinyangwa ndogo, unatembea katikati kama jitu. Yote kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, usiku unalala kitandani kwako.

Na tembea na sarafu, choo cha stesheni Ujerumani unalipia kama euro 1.

BibiTabata
Euro moja kukojoa! Haya. La mwisho, masaa 6 kwenye treni huyu mtoto atanisumbua njaa, naruhusiwa kupanda na chakula changu au kama kwenye ndege?

MtuWaLindi
Panda nacho bibi hakuna atakayekuuliza. Pika vitumbua usiku kwa mwanao, sisi tulipanda na chapati na mayai ya kuchemsha. Yale mayai ndio nilijuta, behewa zima lilituangalia.