Gombe kituoni, Kigoma mjini, au watoto wabaki Nyeri? Tunaomba ushauri kabla ya Januari

BabaWawili
Wanajukwaa, salaam. Mke wangu amekubaliwa kufanya utafiti wa sokwe katika Hifadhi ya Gombe huko Tanzania, nasi tunatakiwa kuamua mwezi huu familia itaishi wapi. Ama tukae naye kituoni ndani ya hifadhi, ama tupange nyumba Kigoma mjini naye awe anakuja mwisho wa juma, ama mimi na watoto tubaki nyumbani Nyeri, Kenya. Yeye anapenda la kwanza, mimi napenda la pili, na mama yangu hataki kusikia lolote isipokuwa la tatu. Naomba maoni ya waliowahi kuishi na watoto wadogo katika mazingira ya namna hiyo.

MgebukaMkavu
Ndugu, umetutajia njia tatu bila kutueleza wasafiri. Watoto wana umri gani? Utafiti ni wa miezi mingapi? Wewe utakuwa unafanya nini mchana kutwa wakati mama watoto yuko mlimani? Tena kituo kimekubali kupokea watoto, au mnagawana vyumba vya nyumba ambayo hamjapewa?

TabibuMstaafu
Naongezea swali: watoto hao wamewahi kuugua malaria? Nyeri ni baridi, na mtoto aliyekulia huko hufika Kigoma bila kinga yoyote dhidi ya ugonjwa ambao wenzake wa pale wameupata na kupona mara kadhaa. Taja na uzito wao, kwa sababu dozi ya dawa ya mseto hufuata kilo.

BabaWawili
Mniwie radhi. Mkubwa ana miaka 5 na mdogo ana mwaka mmoja na miezi mitatu, na wote hawajawahi kuugua malaria. Utafiti ni wa miezi 18. Mimi ni mwalimu, nitaomba likizo bila malipo. Kituo hakijajibu kuhusu watoto, lakini mke wangu anasema kwamba Jane Goodall mwenyewe, yule mtafiti wa sokwe, alimlea mwanawe pale pale Gombe, kwa hiyo jambo hilo si geni.

MtembeziWaMsitu
Habari ya Goodall ni ya kweli, ila isimuliwe yote. Alifika Gombe Julai 1960 akiwa amefuatana na mama yake mzazi, kwa kuwa wakuu wa wakati ule hawakukubali msichana akae porini bila mwenzake, na mwanawe alizaliwa mwaka 1967, wakati kituo kilikwisha kuwa na wasaidizi. Hata hivyo, mtoto huyo alipokuwa mdogo alikaa kwenye baraza iliyozungushiwa wavu, na wavu huo haukuwekwa kwa ajili ya nyani wanaoiba ndizi tu. Sokwe ni mwindaji, hula mbega wekundu na hupenda kuwanyakua watoto wao, naye hajui kwamba mtoto wa binadamu ni kitu kingine. Mwaka 2002, pale pale Gombe, dume aliyeitwa Frodo alimpokonya mtoto wa miezi 14 aliyekuwa amebebwa, akamuua. Mdogo wako ana umri karibu na huo, na ndiyo maana nimeandika.

Upande wa pili ni kwamba nasi tunawaua sokwe kwa magonjwa yetu. Polio iliwapiga mwaka 1966, na magonjwa ya mapafu yamewarudia mara kadhaa tangu hapo. Utaratibu wa hifadhi hauwaruhusu walio chini ya miaka 15 kwenda kuwafuata sokwe, kwa hiyo mkubwa wako asiahidiwe kuwaona. Mkiishi kituoni, kila kamasi ya mtoto itakuwa sababu ya mama yake kukosa kazi kwa siku kadhaa.

MamaWaKibirizi
Mimi naomba nieleze yaliyonikuta, hata kama ni marefu. Nilikaa na mume wangu na binti yetu wa miaka miwili katika kituo kimoja cha utafiti kando ya ziwa hili hili la Tanganyika. Jina lake silitaji, kwa kuwa waliopo leo siyo wale wa wakati wetu. Miezi minne ya mwanzo ilikuwa kama likizo: mtoto alioga kwenye maji safi, alikula samaki wa migebuka hadi akakataa nyama, na mapajani mwa walinzi alijifunza salamu za Kiha kabla hajaweza kutamka jina lake vizuri.

Usiku mmoja mwezi wa saba alipata homa. Nilipima kwa kile kipimo cha haraka, mstari wa pili ukatokea, nikamsagia mseto kwenye maji kidogo, akatapika. Nikangoja, nikarudia, akatapika tena. Ilipofika saa sita za usiku mwili ulianza kumkakamaa, na hapo tukaenda kuiamsha boti ya dharura, ile ambayo tuliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba haitoki kwa shughuli nyingine yoyote. Boti ilikuwapo, lakini tangi lilikuwa na petroli isiyojaa hata dumu la lita tano, kwa sababu mchana kiongozi mmoja wa mradi aliitumia kwenda kupokea wageni wake. Upepo wa kusini ulikuwa umechafua ziwa, mawimbi yanapiga changarawe kwa kishindo, na simu haikushika mtandao mpaka upande juu ya jiwe moja nyuma ya jiko.

Waliotuokoa ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wamekimbilia ufukweni kujikinga na upepo. Mmoja wao, mzee aliyevaa koti la mvua lililochanika kwapa, alitutolea petroli yake bila kuuliza bei, akashika usukani yeye mwenyewe. Jaketi la kujiokolea lililokuwapo lilikuwa la mtu mzima, mtoto alikuwa anapenya kwa chini, basi nikamfunga kifuani kwangu kwa kanga mbili. Tulifika Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma, jua linachomoza, tukapanda bodaboda hadi hospitali. Leo binti yangu yuko darasa la tano. Mume wangu alimaliza utafiti wake peke yake. Mimi sikurudi kule.

MgebukaMkavu
Pole sana, dada. Ila ukiyachambua hayo, kosa ni la mradi uliotumia akiba ya dharura. Kituo chenye petroli iliyofungiwa, daftari la kuitolea na nahodha anayelala palepale kingekufikisha mjini saa nane za usiku.

MamaWaKibirizi
Kaka, daftari lilikuwapo. Nililiona asubuhi ya tatu yake. Lilikuwa limejazwa vizuri sana.

TabibuMstaafu
Petroli hata ikiwapo, hakuna barabara ya kuingia Gombe. Boti yenye kasi huchukua kama saa moja kutoka Kigoma ziwa likiwa limetulia, na zile za abiria huchukua saa tatu au zaidi. Mjini kuna hospitali ya rufaa ya Maweni, na kwa mtoto mwenye degedege saa hizo ni nyingi mno. Mimi nachagua mjini, na huko pia msilegeze chandarua, wala msiwaache watoto wachezee maji ya ziwa karibu na makazi ya watu, kwa sababu kichocho kipo.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mbona hakuna anayemtetea bibi wa Nyeri? Miezi 18 ni mingi kuliko umri wote wa huyo mdogo, lakini kwa bibi mwenye ng'ombe wa maziwa na jirani muuguzi ni kufumba na kufumbua.

MtembeziWaMsitu
Shikamoo, bibi. Kwa bibi ni kufumba na kufumbua. Mama akirudi huyo mdogo atamwita shangazi.

Bi_Mkubwa_Tanga
Marahaba. Wangu walinikuta hivyo hivyo nikitoka masomoni, wakazoea.

MwalimuWaUjiji
Mkija mjini, fikirieni shule. Shule za serikali hapa hufundisha kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na mtoto aliyeanzia Kenya kwa Kiingereza atayumba mara mbili, akija na akirudi. Shule za mchepuo wa Kiingereza zipo, kwa ada. Nyumba nazo, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Na wewe, mwalimu mwenzangu, ukiingia kama mtegemezi wa mkeo hutaruhusiwa kuajiriwa, kwa hiyo usihesabu mshahara wa huku kwenye bajeti.

KijanaWaThika
Kwani lazima mume aache kazi amfuate mke? Angemaliza kwanza mkataba wake, mke atangulie.

MwalimuWaUjiji
Wake wa watafiti wamewafuata waume zao miaka yote wala hatukuwahi kuulizwa swali hilo hapa.

BabaWawili
Nawashukuru nyote. Nimemsomea mke wangu habari ya MamaWaKibirizi, akanyamaza, kisha akasema kwamba ataandika kuuliza habari ya petroli kabla ya kuuliza habari ya chumba. La Nyeri bado halijafa. Mama amekwisha kununua kitanda cha mdogo. Hata tukikaa mjini tutapanda boti mara kwa mara, kwa hiyo nauliza: majaketi ya kujiokolea ya watoto yanapatikana Kigoma, au ninunue Nairobi?

MamaWaKibirizi
Nunua Nairobi, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Hununuliwa kwa uzito, si kwa umri, na Tabibu alikuuliza uzito tangu mwanzo ukampa umri. Mdogo ana kilo ngapi?