Uhamisho wa Baraka: Kikundi cha Familia

ALHAMISI

Shangazi Iringa (1:12 asubuhi): Kamwene ndugu zangu. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu mpaka mwisho, kwa sababu dirisha la uhamisho linafungwa Jumatatu jioni na hadi sasa waliotamka neno ni mimi na mama yake Baraka tu. Kijana amemaliza mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme katika kile chuo kidogo, na anaomba kuhamia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga. Mwalimu wa mifumo ya umeme aliondoka muhula uliopita bila kupata mbadala, na katika maabara wanafunzi husimama kutazama mmoja wao akifanya jaribio.

Shangazi Iringa (1:20 asubuhi): Shahada ya uhandisi ni miaka 4 na krediti 480, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Baraka anazo 240. Chuo kinachompokea ndicho kitakachoamua ni zipi kinazitambua, nacho hakitazami jina la somo bali yale yaliyofundishwa ndani yake. Kwa hiyo, pamoja na matokeo na barua ya ridhaa ya chuo anachotoka, ni lazima apate muhtasari wa kila somo ukiwa na muhuri wa idara, ndipo maombi yaende kwenye idhini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Somo lisilo na muhtasari litahesabiwa kama hakulisoma.

Mjomba Makambako (3:05 asubuhi): Shemeji, mimi naunga mkono kwa mikono miwili, mradi akifika Iyunga somo la kwanza liwe pasi yangu ya umeme, ambayo tangu Pasaka inapasha moto mkono badala ya shati 😂

Mama Neema Njombe (3:09 asubuhi): 😂😂 Na redio ya Babu je?

Mjomba Makambako (3:11 asubuhi): Redio ya Babu hiyo ni ya shahada ya uzamivu.

Shangazi Iringa (3:30 asubuhi): Tafadhalini, pasi na redio zitasubiri. Naomba majibu juu ya mambo mawili: nani atachangia ada anayodaiwa, kwa kuwa chuo hakitatoa barua kabla hajajaza fomu ya kutodaiwa, na nani atakwenda naye, kwa sababu kijana akifika peke yake ataambiwa arudi kesho.

Mama Baraka (6:48 mchana): Wifi, nashukuru kwa kulibeba jambo hili. Hofu yangu ni mkopo. Akihama, Bodi ya Mikopo itaendelea kumlipia?

Shangazi Iringa (6:55 mchana): Wifi, mkopo hautahama wenyewe. Ni lazima aandikishe uhamisho wake kwa maofisa mikopo wa vyuo vyote viwili, na huenda fedha za muhula wa kwanza zikachelewa wakati majina yanarekebishwa. Pengo hilo ndilo ninalolia nalo humu tangu asubuhi. Naona alama za buluu, lakini sioni majibu.

Baraka (10:14 jioni): Shikamooni wote. Naomba nieleze kwa nini nisingoje nimalize hapa. Nikihitimu nitaomba kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha nitatakiwa kufanya kazi miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Sitaki kuingia katika miaka hiyo mitatu nikiwa sijawahi kufunga mota ya fezi tatu kwa mikono yangu. Nikipoteza krediti kadhaa na kurudia masomo ya mwaka wa pili, niko tayari.

Baba Mdogo Uyole (1:40 usiku): Nimesoma yote. Sina neno na kijana, na namtakia heri. Lakini mimi nilipopata nafasi ya ufundi palepale Iyunga, enzi hizo kikiitwa Chuo cha Ufundi Mbeya, niliambiwa fedha hakuna, na mwaka uleule shamba likauzwa. Aliyepanda basi la Dar es Salaam kwa fedha zile anajijua. Leo tunaambiwa tuchange haraka.

(Ujumbe huu umefutwa.)

Shangazi Iringa (1:52 usiku): Kaka, kama unanisema mimi, nipigie simu. Mtoto asilipishwe deni la shamba.

Baba Mdogo Uyole (1:53 usiku): Sikutaja jina.

Mama Neema Njombe (2:30 usiku): Baba amesomewa yote. Amenituma niandike kama anavyotamka, nami sijaongeza kitu:

"Shikeni adabu. Shamba lilikuwa langu na niliuza mimi, kwa hiyo mwenye swali aniulize mimi, tena ana kwa ana, si humu. Tulipojenga reli ya TAZARA kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, Wachina hawakutusomea habari za spana, walitupa tuishike. Mjukuu wangu anatafuta mahali pa kushika kazi, na hilo ni jambo jema. Ila asitie saini karatasi yoyote kabla hajafika Tukuyu nikamwona, na baba yake mdogo ndiye atakayemleta. Jumapili, baada ya ibada."

Baba Mdogo Uyole (2:58 usiku): Nimesikia, Baba.

Mama Baraka (3:02 usiku): Asante sana, Baba.

Shangazi Iringa (3:10 usiku): Tumepokea, Baba, na hatutakwenda kinyume. Ila naomba ieleweke kwamba akitoka Tukuyu Jumapili jioni, itabaki Jumatatu moja tu ya kupata mihuri ya idara, fomu ya kutodaiwa na kuwasilisha maombi. Baraka, kesho asubuhi anza kukusanya muhtasari wa masomo, kwa kuwa kukusanya si kutia saini. Anza na hisabati ya uhandisi na sakiti, kwani masomo mengi ya mwaka wa tatu yanayategemea hayo.

Baraka (3:15 usiku): Nitafanya hivyo, Shangazi. Mkuu wa idara yuko safarini hadi Jumatatu, lakini katibu wake amesema atanichapia.

IJUMAA

Binamu Mafinga (12:20 asubuhi): Kamwene wapendwa, simu ilikuwa haina chaji. Nimeona neno mchango. Ni msiba wa nani?

Shangazi Iringa (12:31 asubuhi): Si msiba, soma juu kuanzia jana. Mimi natoa nusu ya ada anayodaiwa. Nusu iliyobaki nani anaichukua? Na kaka, utampitia Baraka saa ngapi Jumapili?

Mjomba Makambako (1:05 asubuhi): Mimi mniandike, kiasi nitakitaja nikishauza viazi.

Baba Mdogo Uyole (4:47 asubuhi): Kumpitia nitampitia. Habari ya mchango nitaijibu nikishaongea na Baba.