Ajali za boda Moshi, kwa nini wote hospitali ya KCMC?

Wakuu habari, jana dogo wa jirani akiwa kwenye boda kagongwa na gari, Noah, mguu umevunjika, watu wakapiga kelele peleka KCMC moja kwa moja. Hivi hospitali za karibu haziwezi?

Jibu 1: Mkuu kufunga banzi wanaweza, ila KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971, inapokea mpaka watu wa Tanga na Manyara, mabingwa wa mifupa ndo wako pale. Mmoja akimbilie polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi.

Jibu 2: Na mkatoe damu jamani! Bro wangu alivyoanguka kijiwe kizima tulienda kutoa, mpaka jamaa anayeogopa sindano katoa huku kafumba macho 😂

Jibu 3: Helmeti alivaa?

Muuliza swali: Ilining'inia kwenye saiti mira.