Moto wa saa mbili kiwandani, bei ya RAM juu kwa miezi: inakuwaje?

Mnunuzi wa Ofisi aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Kila inapotangazwa kwamba kiwanda fulani cha chipu za kumbukumbu kimeungua au kimekatikiwa umeme, bei ya RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi) hupanda karibu siku ile ile. Lakini RAM iliyo mkononi mwa muuzaji siku hiyo ilikwisha kutengenezwa, kusafirishwa na kulipiwa zamani. Haikuungua. Kwa nini basi ipande?

Nimekuwa nikisoma habari za moto wa kiwanda cha SK Hynix, kampuni ya Korea Kusini inayotengeneza chipu za kumbukumbu, mjini Wuxi, China, uliotokea tarehe 4 Septemba 2013. Moto ulizimwa ndani ya muda usiofika saa mbili, na taarifa ya kwanza ya kampuni ilieleza kwamba mitambo iliyo ndani ya chumba safi, yaani chumba kisicho na vumbi ambamo chipu hutengenezwa, haikupata madhara makubwa. Hata hivyo bei ya chipu za DDR3, aina ya RAM ya wakati ule, katika soko la papo hapo (la kununua bila mkataba) ilipanda kwa takribani moja ya tano ndani ya siku chache, na kiwanda kilichukua miezi kurudi katika hali yake. Wenzangu kazini wanasema ni njama ya viwanda, kwamba moto ni kisingizio tu. Mimi sina hakika. Ninachotaka kujua, kwa kuwa mimi ndiye ninayeagiza kompyuta za ofisi, ni hiki: nikisikia habari ya namna hiyo, ninunue mbio mbio au ningoje?

Fundi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mnunuzi, nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika matengenezo ya mitambo ya kutengenezea chipu, kwa hiyo nitajibu upande wa kiwandani na kuwaachia soko wanaolijua.

Wengi hupima ajali kwa muda iliodumu, na hapo ndipo wanapokosea. Chipu ya kumbukumbu huanza kama kisahani chembamba cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300, sisi tukikiita weifa, nacho hupitishwa katika mamia ya hatua: hupakwa tabaka, humulikwa, huchongwa kwa gesi, huoshwa, hutiwa tanurini, kisha mzunguko huo hurudiwa tena na tena. Safari yote huchukua miezi miwili hadi mitatu. Maana yake ni kwamba wakati wowote ule kiwanda kimebeba tumboni kazi ya miezi, na ajali inapotokea haiharibu kazi ya siku hiyo peke yake, bali inaweza kuharibu weifa iliyoanza juzi pamoja na ile iliyobakiza wiki moja kukamilika.

Umeme nao hauhitaji kukatika kwa muda mrefu. Tarehe 8 Desemba 2010, katika kiwanda cha Toshiba cha Yokkaichi, Japani, volteji ilishuka kwa sekunde 0.07 tu, muda ambao taa ya chumbani haiwahi hata kupepesa vizuri, na kampuni ikatahadharisha kwamba shehena za miezi miwili iliyofuata zingeweza kupungua kwa hadi asilimia 20. Tanuri likipoteza joto lake katikati ya hatua, tabaka linalojengwa juu ya weifa halitakuwa na unene unaotakiwa, na hakuna njia ya kulirudia.

Sasa nizungumzie moshi, ambao kwangu mimi ni adui mkubwa kuliko miali yenyewe. Unywele wa mwanadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, nanomita moja ikiwa sehemu ya bilioni ya mita. Mistari ya saketi katika DRAM, chipu zinazoundia RAM, ya mwaka 2013 ilikuwa na upana wa nanomita 30 hivi, wakati punje ya moshi hufikia nanomita mia kadhaa, hivyo ikitua juu ya weifa ni sawa na gogo lililoangukia mfereji wa maji. SK Hynix yenyewe ilieleza wakati ule kwamba moto ulionekana mkubwa kwa sababu ulishika mitambo ya kusafisha hewa iliyounganishwa na paa. Mtu wa nje akisikia hivyo hupumua, akidhani kilichoungua ni bomba la juu tu. Sisi wa ndani tukisikia hivyo hushika vichwa, kwa sababu chumba safi bila hewa safi ni ghala la kawaida.

Baada ya hapo huanza kazi ambayo haionekani kwenye taarifa za habari. Kuta na dari hufutwa kwa mkono, vichujio hubadilishwa, kila mtambo hufunguliwa na kusafishwa, halafu weifa za majaribio hupitishwa na vumbi lililotua juu yake huhesabiwa kwa leza. Nimewahi kukaa siku nne mbele ya mtambo mmoja baada ya moshi kuingia, hesabu ikigoma kushuka, tukabadilisha kila tulichokifikiria, hadi mwenzangu alipogundua kwamba masizi yalikuwa yamenasa chini ya mpira wa kuzibia mlango, na kila mlango ulipofunguka yalikuwa yakipulizwa ndani upya. Huo ni mtambo mmoja, na kiwanda kina mamia ya mitambo kama huo.

Karani wa Soko alijibu:

Namshukuru Fundi kwa maelezo yake. Nianzie alipoachia.

Ndugu Mnunuzi, yatofautishe masoko mawili. Chipu nyingi za kumbukumbu huuzwa kwa mikataba kati ya watengenezaji na kampuni kubwa za kompyuta na simu, na bei hujadiliwa kila mwezi au kila robo mwaka. Zinazobaki ndizo huingia katika soko la papo hapo, ambalo ni dogo, na kwa sababu ni dogo huyumba upesi. Bei uliyoiona ikiruka mwaka 2013 ilikuwa ya soko hilo dogo. Bei ya mikataba hufuata baadaye, kwa hatua fupi zaidi, na kuna wakati haifuati kabisa.

Kuhusu RAM ambayo haikuungua: muuzaji hapangi bei kwa kutazama alinunua kwa kiasi gani, hupanga kwa kukadiria atalipa kiasi gani ili aijaze rafu tena. Akiamini kwamba shehena ijayo itakuwa ghali, akiuza ya leo kwa bei ya jana atakuwa amejitia hasara kwa mikono yake. Ndiyo maana katika siku za kwanza baada ya moto wa Wuxi wapo wafanyabiashara walioacha kutaja bei yoyote hadi wajue uharibifu umefika wapi. Mnunuzi naye anayehofia kukosa huagiza mara mbili ya mahitaji yake kwa wauzaji wawili tofauti, na hapo uhaba ambao bado haujafika huonekana kana kwamba umekwisha kufika.

Hata hivyo hofu peke yake haitoshi kuibeba bei kwa miezi. Mwaka 2013 kulikuwa na sababu halisi. Kiwanda cha Wuxi kilikuwa kikitoa karibu nusu ya DRAM yote ya SK Hynix, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya DRAM ya dunia nzima. Kampuni ya Elpida ya Japani ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Februari 2012, na Micron ya Marekani ilikamilisha kuinunua tarehe 31 Julai 2013, wiki tano tu kabla ya moto. Watengenezaji wakubwa wakabaki watatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Bei ilikuwa imeanza kupanda kabla ya ajali, na maghala hayakuwa na akiba ya kutosha kuziba pengo.

Linganisha na mwezi Machi 2018, umeme ulipokatika kwa takribani nusu saa katika kiwanda cha Samsung cha Pyeongtaek, Korea Kusini, na weifa za chipu za NAND, zile zinazotumika katika diski za SSD, zikaharibika kwa maelfu. Magazeti yalitabiri bei ingepanda. Badala yake NAND iliendelea kushuka bei mwaka ule, kwa sababu viwanda vyote vilikuwa vikiongeza uzalishaji kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hali ya maghala siku moja kabla ya ajali ina uzito kuliko ajali yenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa kiwanda ambacho hakikutengeneza chipu hata moja. Tarehe 4 Julai 1993 kulitokea mlipuko katika kiwanda cha Sumitomo Chemical mjini Niihama, Japani. Kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya nusu ya resini ya epoksi iliyotumika duniani kufungia chipu katika maganda yake meusi ya plastiki. Bei ya DRAM katika soko la papo hapo ilipaa ndani ya wiki chache, baadhi ya aina zikikaribia maradufu. Akiba ya resini ilikuwapo, watengenezaji wengine waliongeza uzalishaji, na uhaba uliohofiwa haukutokea kwa ukubwa uliotabiriwa. Lakini walionunua mwezi ule walikuwa wamekwisha kulipa.

Mtazamaji alijibu:

Naomba niongeze neno juu ya hiyo njama, kwa sababu wenzake Mnunuzi hawajaitunga kutoka hewani. Watengenezaji wa DRAM waliwahi kupatikana na hatia ya kupanga bei kwa siri nchini Marekani, kwa makosa yaliyohusu miaka ya 1999 hadi 2002. Infineon ya Ujerumani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 160 mwaka 2004, na mwaka uliofuata Hynix, ambayo sasa ni SK Hynix, ilikubali dola milioni 185 na Samsung dola milioni 300. Mtu aliyeyasoma hayo ana haki ya kuwa na shaka.

Ila shaka hiyo isivukishwe mpaka kwenye moto. Njama ile ilifanyika kwa simu na vikao, haikuhitaji kuteketeza mtambo wowote. Ni kweli pia kwamba SK Hynix ilitangaza kwa mwaka 2013 faida kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia, jambo linaloonekana kama ushahidi mpaka ukumbuke kwamba bei ilipopanda walionufaika zaidi ni washindani wake, ambao walikuwa na bei mpya na viwanda vizima.

Mnunuzi wa Ofisi aliandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Hoja ya kujaza rafu imenifungua macho, na nitaipeleka kwa wenzangu. Limebaki swali langu la mwisho: ninunue au ningoje?

Karani wa Soko alijibu:

Soma kwanza habari yenyewe ili ujue kilichoharibika ni chipu ya aina gani. Mwezi Machi 2021 kiwanda cha Renesas cha Naka, Japani, kiliungua, lakini kiwanda kile hakikuwa cha RAM, kilikuwa kikitengeneza chipu za udhibiti zinazotumika zaidi katika magari. Kisha tazama mwelekeo wa bei katika miezi mitatu kabla ya ajali. Ikiwa ilikuwa ikishuka, ngoja bila wasiwasi. Ikiwa ilikuwa ikipanda na kiwanda ni kikubwa, nunua unachokihitaji kwa robo mwaka ijayo, na usizidishe hapo.

Nasema usizidishe kwa sababu mimi nilizidisha. Mwaka 2013, wiki ya pili baada ya moto wa Wuxi, tulihitaji moduli 25 za DDR3 na mimi nikaagiza 60, nikijiona mwerevu. Thelathini na tano zilizobaki zilikaa kabatini ndani ya mifuko yake hadi awamu mpya ya kompyuta ilipofika ikiwa na DDR4, ambayo tundu lake halikubali DDR3 hata ukiisukuma, kwa kuwa pengo la katikati limehamishwa mahali pengine. Bado ninazo chache, kama kuna mwenye mashine ya zamani.