AC ya lori inapoza barabarani, kwenye foleni inatoa hewa ya moto

Masafa Marefu
Habari wakuu. Naomba msaada wa AC ya kichwa cha semi, 6x4, volti 24, gesi R134a. Gari likitembea kilomita 60 kwa saa na kuendelea, kebini inapoa vizuri kabisa. Likiingia foleni ya mzani Vigwaza au likipanga mstari Tunduma, dakika tano hazipiti hewa inakuwa vuguvugu, kisha moto.

Nimefunga geji leo mchana, joto la nje nyuzi 33, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Upande wa chini (presha ndogo) 58 psi, wa juu (presha kubwa) 340 na unazidi kupanda. Ukifika kama 400 klachi ya kompresa inaachia, baadaye inashika tena. Gesi imeongezwa mara mbili mwaka huu na shida iko palepale. Nimeambiwa ninunue kompresa mpya. Ni kweli?

Fundi Geji
Usinunue, mkuu. Kompresa iliyochoka haina nguvu ya kusukuma: upande wa chini unapanda, wa juu unashuka, mishale miwili inakaribiana. Yako inasukuma hadi 400, iko hai. Kwa nyuzi 33 ulitakiwa usome kati ya 30 na 45 chini, 200 hadi 250 juu. Ukiona pande zote mbili ziko juu, halafu gari likikimbia zinashuka, joto halitoki kwenye kondensa (rejeta ya AC, ile ya mbele). Upepo wa barabarani unaibeba kazi ya feni.

Hakikisha hivi: injini ikiunguruma na AC imewashwa, mwagia kondensa maji kwa mbele, ndoo moja polepole, mikono mbali na feni. Geji ya juu ikiporomoka psi 80 au 100 na hewa ya kebini ikaanza kupoa, tatizo ni upepo.

Kisha zima injini, uangalie nafasi kati ya kondensa na intakula (kipoza hewa ya turbo). Kwa mbele kondensa inaweza kuonekana safi kabisa, kumbe nyuma yake vumbi, wadudu na mafuta vimegandamana kama blanketi. Legeza bolti za kondensa uisogeze mbele bila kufungua mipira ya gesi. Osha kwa maji ya sabuni kutokea nyuma kwenda mbele, presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikipigwa karibu inalaza mapezi (vibati vyembamba vya kondensa), na pezi lililolala halipitishi hewa tena.

Volti24
Naongezea kuhusu feni, maana wengi wanaosha tu na kuishia hapo. Kama ni ya klachi ya mafuta ya silikoni, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa baada ya kuiachia, au ukaona utando wa mafuta yaliyoshika vumbi katikati ya kitovu chake, klachi hiyo imekwisha. Kama feni inaongozwa na kompyuta ya injini, kagua plagi na waya zake pamoja na sensa ya presha ya AC, kwa sababu sensa ndiyo inayoomba feni ikaze mwendo.

Tazama pia raba za pembeni mwa rejeta na koa (ganda linaloizunguka feni). Raba ikikatika, gari likiwa limesimama hewa ya moto ya injini inazunguka pembeni na kurudi mbele ya kondensa. Feni inavuta moto uleule. Barabarani huwezi kuligundua hilo.

Masafa Marefu
Nimemwaga maji, geji ya juu imeshuka kutoka 340 hadi 235. Raba ya upande wa kushoto haipo kabisa, na feni inazunguka kama pia. Je, nipunguze na gesi pia?

Fundi Geji
Majibu umeshayapata: klachi ya feni na raba. Gesi usiiguse bado, funga hivyo kwanza, osha, upime upya. Geji ya juu ikibaki zaidi ya 300, iache gari usiku kucha bila kuwashwa, asubuhi usome geji kabla jua halijapiga boneti. R134a ikiwa imetulia kwenye nyuzi 25 inasoma kama 82 psi, kwenye nyuzi 30 kama 97. Ikizidi hapo kwa psi 15 au 20, ndani mna hewa au gesi ya aina nyingine. Ikisoma sawasawa lakini gari likiwashwa pande zote zinapanda, huenda gesi imejazwa kupita kiasi.

Kwa vyovyote vile, kupunguza kwa kukisia hakusaidii. Gesi yote ivutwe kwa mashine, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) ibadilishwe, vakyumu (kunyonya hewa yote) dakika 45, pampu ya vakyumu ifungwe, geji itazamwe dakika 20 isirudi. Halafu jaza kwa mzani wa gramu kulingana na kibandiko cha gari. Mfumo huu hauli gesi. Kama ilipungua kweli ikaongezwa, kuna mahali inavuja: anza na oringi za viungo na sili ya mbele ya kompresa, patakuwa na mafuta.

Volti24
Jambo la mwisho: siku klachi ya kompresa ikiachia wakati presha ni ya kawaida, chomeka multimita kwenye waya wake palepale inapoachia. Umeme ukikatika, fuata swichi ya presha, rilei na ethi (waya wa bodi). Volti 24 zikiwa zipo na bado imeachia, pima mwanya wa klachi kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Unatakiwa uwe takriban milimita 0.3 hadi 0.6. Ukiwa mkubwa, koili ikipata moto inashindwa kuvuta sahani, na shimu (washa nyembamba) moja ikiondolewa inashika tena.